Ampia Nne za Ziada

Figo ya Ukutani ilikuwa kazini. Damu ya Sikudhani ilitoka mkononi, ikapanda mrija mwembamba, ikaingia katika sanduku jeupe lililoning'inia ukutani, ikapita kwenye chujio, ikarudi safi. Katika Singida ya miaka hiyo, mji wa milingoti ya umeme wa upepo na roboti za kufagia barabara, mgonjwa wa figo hakupanga tena foleni hospitali. Kampuni iligawa masanduku hayo bure, nyumba kwa nyumba, na watu wakashukuru mpaka wakachoka.

Chini ya sanduku, juu ya stuli, palikuwa na kopo la rangi lililotobolewa matundu. Umeme ulitoka humo. Kilisha-umeme cha kampuni, kile mafundi wanachokiita pawa, kilikufa kwa radi wiki mbili nyuma, wakaambiwa wasubiri kingine miezi mitatu. Betri ya ndani ya sanduku hudumu dakika arobaini. Njoghomi, mdogo wa marehemu mume wa Sikudhani, fundi aliyeokota kazi yake hapa kidogo na pale kidogo, akaunda pawa yake mwenyewe kwa transfoma kuukuu.

Sasa kopo lilinuka. Ile harufu ya vanishi inayoungua, tamu, ya kichefuchefu, imechanganyika na harufu ya damu na dawa.

"Shemeji, unanipikia nini humo?" Sikudhani aliuliza kutoka kitandani. "Kama ni maini, mimi sitaki."

"Ni maini yako mwenyewe. Tulia."

Njoghomi aliinama. Juu ya kopo alikuta kitambaa cheupe cha kufuma, kina maua pembeni. Akasonya. "Na hiki?"

"Kopo la rangi likae uchi ndani kwangu? Wageni watanionaje?"

"Watakuona marehemu! Pawa inapumua kwa matundu haya, wewe unaivisha kama redio ya bibi harusi."

Alikitupa kitambaa, akangoja robo saa, akagusa transista. Ikamuunguza kidole. Kitambaa kilikuwa na kosa, ila hakikuwa peke yake.

Transista ndiyo mlinzi wa mlango. Transfoma inaleta volti ishirini, sanduku linataka kumi na mbili, na hizo nane zinazobaki haziendi mbinguni. Zinageuka joto papo hapo. Umeme unaopita ukiwa mwingi, joto nalo linazidi. Njoghomi alipiga hesabu kwa ampia tano, maana ndizo zilizoandikwa mgongoni mwa sanduku, na bamba la kupozea alilolifunga lilitosha. Transista ikiungua, mara nyingi mlango hubaki wazi, volti zote zikaingia. Na sanduku lile lilikuwa limeshika damu ya mtu.

"Nakuhamishia kwenye betri," alisema. "Usinihesabie dakika."

Akatoa mfukoni taa kubwa ya gari la zamani, ya wati sitini. Fundi asiyeiamini pawa yake huifungia taa badala ya mzigo, na taa hii ilikula ampia tano kamili. Ikawaka, ikamulika hadi kwenye nyufa za dari. Robo saa ikapita. Transista ilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahaulika.

Pawa haikuwa na hatia. Akairudisha Figo, akaweka mita katikati. Ampia tisa.

"Sanduku linasema uongo," alinong'ona, akafungua kifuniko. Aliona pampu, kipasha-damu joto na kipima-damu. Vyote pamoja havizidi ampia tano. Nyuma yavyo kulikuwa na sahani ya kijani, kama ya ndani ya kompyuta, imejaa vipande vyeusi, inachemka.

"We Figo, hii ni nini?"

"Huo ni ubongo wa pamoja, mpendwa mteja," sauti laini ilijibu. "Mkataba, kifungu cha arobaini na moja, unaruhusu kampuni iutumie kwa kazi zake nyingine."

"Kazi gani?"

"Kwa sasa, kutafuta ladha ya soda mpya na wimbo wa kuitangaza."

"Pawa ya kampuni ilitoa ampia ngapi?"

"Saba."

"Na mkitaka tisa?"

"Ubongo hutangulia. Pampu hupunguzwa mwendo."

Sikudhani alijiinua kwa kiwiko. "Ndiyo maana. Tangu uweke kopo lako miguu haijavimba, wala sijajikuna. Nikasema ni dua." Akaitazama miguu yake. "Miaka minne, shemeji. Nimevimba kwa ajili ya soda?"

Njoghomi alijisikia kama mtu aliyekuta nusu ya funza kwenye andazi. Akashika koleo. "Nang'oa uchafu huu."

"Ukiondolewa, huduma husitishwa," ilisema sauti ileile tamu.

Akaitazama mirija, akaitazama koleo, akaiweka chini.

Kilichobaki ni kuongeza mlinzi. Alichomelea transista ya pili pembeni ya ile ya kwanza, kila moja na kizuizi chake kidogo ili zigawane mzigo sawa, akafunga bamba pana zaidi. Kila tone la risasi aliloliyeyusha lilikuwa kama kumtandikia mwizi kitanda. Mita ilibaki tisa. Kidole hakikuungua.

"Imepona?"

"Imepona," alisema, kama anayetapika. "Jengo hili lina Figo ngapi?"

"Kumi na saba. Hiiti wa ghorofa ya pili miguu imekuwa magogo. Mama Mnyambi hata maneno hayamtoki sawasawa." Sikudhani alimshika mkono wa shati. "Nenda, shemeji. Nenda sasa hivi."

Njoghomi alimimina mfuko wa vifaa kitandani. Transista zilizobaki zilikuwa mbili, na pawa moja inakula mbili: mgonjwa mmoja tu.

Sikudhani alizitazama. "Sasa unaenda kwa nani?"

Njoghomi alitema mate nje ya dirisha, akafuta mdomo.

"Kwa atakayefungua mlango kwanza," alisema, akatoka.