Vyumba Viwili Juu ya Mufereji

Kila asubuhi, mbele ya kwenda ku masomo, Hadidja alikuwa anafagia kiwanja. Na kufagia kiwanja cha kwao, kule Mikelenge, haikuwa kazi ya muchezo. Parseli yao, nyumba na kiwanja, ilikuwa imelala ku mutelemuko. Unafagia juu, takataka zinakutangulia chini. Ukiangusha ndimu, usijisumbue kuikimbilia: itaruka mufereji wa maji ya mvua na kuingia kwa jirani wa chini, Mama Émilienne, yule mujane anayeuza kwanga, mikate ya muhogo. Hapo Josiane, mutoto wake, anapaza sauti:

“Hadidja! Ndimu yenu imekuja kutusalimia tena. Tuipe kiti?”

“Muipe na chai!”

Walikuwa wanacheka hivyo, kisha wanashuka pamoja ku masomo, maana wote wawili walikuwa mwaka wa sita.

Lakini mwaka ule kicheko kilipungua. Yaya Mounira, dada mukubwa wa Hadidja, alirudi kutoka Kabambare. Bwana yake alikuwa anachimba zahabu kule, na shimo likamufunika. Mounira akarudi na mapacha mugongoni na kifuani, na kikohozi ambacho hakikutaka kwisha. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu, na sasa watu nane. Ukitaka kujigeuza ku mukeka, unaomba ruhusa kwanza.

Baba yao, Djamali, fundi wa kinga, yaani baiskeli, hakuzunguka maneno.

“Tutaongeza vyumba viwili mbele ya mvua. Ikishindikana, Hadidja ataenda Tunda kwa mujomba wake, amusaidie shamba.”

Hadidja alijua lile shamba. Iko mbali na masomo, mbali na kila kitu. Mutoto akienda kule katikati ya mwaka wa sita, mutihani wa mwisho atausikia kwa watu tu.

Basi siku ya Jumapili, Baba Djamali akaita Anaclet, fundi wa kujenga. Wakapanda na kushuka parseli, kamba na vigingi mukononi. Upande wa juu ulikuwa wa kukata kilima kama ngazi, kisha kupanga ukuta wa mawe ili udongo usije kulala na watu chumbani. Kazi ya kuvunja mugongo, tena ya polepole. Upande wa chini palikuwa karibu sawa. Shida moja tu: njo pale mufereji ulikuwa unapita, ukikata parseli kwa upande na kupeleka maji ku barabara.

“Tufukie huu mufereji,” Baba akasema. “Maji tutayasukuma ku mupaka.”

Fundi Anaclet akajikuna shingo. “Na kutoka ku mupaka, yataenda wapi, Baba Mounira?”

“Chini. Maji haina adresi.”

Hadidja njo alikuwa anashika ncha ya kamba. Akafuata kwa macho kigingi cha mwisho. Kilikuwa kinatazama jiko la Mama Émilienne sawasawa. Mudomo wake ukafunguka. Kisha akawaza Tunda, ukafungika.

Kesho yake akaanza kubeba udongo ku beseni, baada ya masomo, na kuumwaga ndani ya mufereji. Udongo ulikuwa muzito, lakini moyo ulikuwa muzito kuupita. Siku ya pili Josiane akapanda, beseni ya mama yake ku kichwa.

“Toka pale, goigoi,” Josiane akasema. “Namna unabeba, mvua itafika na wewe ungali unahesabu punje. Nitakusaidia.”

“Acha, Josiane. Ni kazi yetu.”

“Yenu? Ukienda Tunda, mimi nitacheka na nani, na ile mbuzi ya jirani? Leta!”

Akamwaga beseni. Akapiga udongo kwa kisigino ushikamane vizuri, huku anaimba. Kila mara anashuka, anajaza, anapanda tena. Hadidja akamutazama anavyotokwa na jasho kwa kuita maji ndani ya nyumba yao wenyewe, wala hajui. Beseni ikamuponyoka mukononi. Akakimbia ndani kwa Bibi Aïcha, mama ya baba yake, akalia mpaka maneno yakatoka vipandevipande: mufereji, kigingi, jiko, Josiane.

Bibi Aïcha hakumufariji. Alisimama, akashika ukuta, akatoka mpaka pale mwanawe alikuwa anachanganya udongo wa matofari.

“Djamali, ile mufereji unajua nani aliichimba?”

“Marehemu baba, nafikiri.”

“Baba yako na Jules, bwana ya Émilienne. Wewe hukuwa hapa. Ilikuwa vita, walikuwa wanakamata vijana, tukakuficha Tunda. Basoda walikuja na bunduki, wakachimba handaki hapa juu, kukata mulima. Émilienne akapanda kwa miguu yake, akawaambia: wababa, mvua ikinyesha, maji ya hili shimo itatushukia. Wakamufukuza kama kuku. Mvua ikanyesha. Handaki likapasuka ku kona. Jiko la Émilienne likaenda na maji, na Franck, mutoto wake wa kwanza, alikuwa amelala mule. Alikuwa hajajua hata kutembea. Njo baada ya pale baba yako na Jules walichimba mufereji, maji yasimushukie tena.”

Baba Djamali akaacha jembe. “Mama, mbona hamukuniambia?”

“Uliporudi tulikuwa tumezika mutoto, na maneno tukayazika naye. Njo kosa letu.”

Baba akaingia mufereji, akaanza kuufukua. Hadidja na Josiane wakashuka wakamusaidia, na Josiane hakuimba tena.

Kamba ikahamishwa juu. Walikata kilima wiki nzima, na kilima hakikuwa na haraka. Mawingu yakaanza kukaa juu ya muto Lualaba, meusi. Kilipatikana chumba kimoja tu, kidogo, cha Mounira na mapacha. Cha pili hata fondasio haikuwa. Hadidja akafunga nguo zake ndani ya kitenge. Mujomba alikuwa amekwisha kutuma kinga ya kumuchukua.

Siku ile, Mama Émilienne akapanda. Hakuketi.

“Baba Mounira, mutoto atalala kwangu na Josiane. Kitanda ni kimoja, na bati inavuja. Kula atakula kwenu, mimi sina cha kuongeza. Lakini mutihani ataufanya.”

Baba akainamisha kichwa. “Mama Josiane, mimi nilikuwa nafukia mufereji wako.”

“Niliona. Niko na macho.”

“Na hukusema?”

“Nilisema mara moja, wakati wa vita,” akajibu polepole. “Sikupata nguvu ya kusema mara ya pili.”

Kinga ikarudi Tunda tupu. Mvua ya kwanza ilinyesha kabla ya jioni, na Mounira alikuwa angali anakohoa ndani ya kile chumba kipya, kuta zikinuka udongo mubichi. Maji yalipita mufereji mpaka barabarani.

Bibi Aïcha akamuita Hadidja mulangoni.

“Sikiliza, mujukuu wangu. Ku mulima, muntu wa juu njo anapashwa kusema kwanza. Wa chini akianza kusema, maji yamekwisha kufika.”