Mafundo ya Kamba ya Babu

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Babu alijilaza kidogo. Akiamka, alivaa kofia yake, akatoka kwa mlango wa jikoni, akanyoosha mkono kuitafuta kamba. Ilikuwa imefungwa kwenye nguzo za mbao, usawa wa kiuno, kutoka mlangoni hadi banda la kuku nyuma ya nyumba.

Babu alikuwa haoni. Zamani alikuwa utingo wa lori, na kazi hiyo ilimfundisha kufunga mizigo na maturubai kwa kamba za kila aina. Macho yalipokufa uzeeni, wanawe walitaka awe anashikwa mkono kila anapokwenda. Alikataa katakata. "Nileteeni kamba," aliwaambia. "Mimi na kamba tunafahamiana."

Akaifunga mwenyewe na kuitia mafundo. Fundo moja lilimwambia amefika kwenye bomba la maji. Mafundo mawili yalimwambia aachie kamba na kupinda kushoto, mlango wa choo uko hapo. Mafundo matatu yalikuwa ya banda la kuku. Basi Babu alinawa, alikwenda haja na kulisha kuku wake bila kumsumbua mtu. Siku hizo Mjomba alikuwa akichimba shimo la choo kipya, mbele kidogo ya choo cha zamani, upande uleule wa kushoto. Lilikuwa refu na bado halikuwa na mfuniko. Babu hakulihofia, kwa kuwa mafundo yake mawili yalikuja kabla ya shimo.

Mjukuu wake alizijua habari hizo zote. Watu walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akila, aliongea akifua, na Mama alisema huongea hata usingizini.

Jumamosi moja Mama alikuwa kazini, kwenye duka la ushonaji, na Mjomba alikwenda kununua saruji. Binti wa kinyozi, rafiki yake Chiriku, alikuja mbio akihema. "Kamba yetu imekatika! Na mashindano ya kuruka kamba ni Jumatatu. Tutafanyaje?"

Chiriku alitupa jicho uani. Ndani Babu alikuwa akikoroma.

"Tuazime hii," alinong'ona. "Akiamka ataikuta mahali pake."

Waliifungua, wakaenda nayo kwenye kiwanja cha jirani. Lakini kila walipoizungusha, mafundo yaliwagonga miguuni. Binti wa kinyozi alikuwa na kucha imara. Akayafungua, moja baada ya jingine, na kamba ikawa laini, ikazunguka vizuri ajabu. Walipochoka, Chiriku aliirudisha. Aliifunga kwenye nguzo zilezile, akaivuta ikakaza. Babu bado alikuwa akikoroma. Chiriku akajipongeza moyoni, kisha akarudi kiwanjani kupiga soga.

"Hivi," binti wa kinyozi aliuliza, "yale mafundo yalikuwa ya nini?"

Chiriku alifungua mdomo ajibu, akaanza kuhesabu kwa vidole. Fundo moja, bomba. Mawili, choo. Halafu shimo.

Alitimua mbio. Hakumuaga mwenzake, hakuokota kandambili zake. Njia nzima alimwona Babu akiachia kamba, akipinda kushoto, akiinua mguu juu ya shimo. Machozi yalimtoka akiwa bado anakimbia.

Alipofika uani, alimkuta Babu ameketi chini, karibu kabisa na shimo. Kofia ilikuwa imekaa upande, na mkono wake mmoja ulikuwa bado umeishika kamba.

"Miguu hiyo ni ya Chiriku," Babu alisema.

"Babu! Umeumia?"

"Sijaumia. Nimetembea na kutembea, kamba haisemi kitu. Nikajiambia, mzee, hapa kuna jambo, keti chini usubiri watu." Akanyoosha mkono. "Maswali baadaye. Kwanza nipeleke chooni upesi, hali ni mbaya!"

Chiriku alicheka na kulia kwa pamoja. Alimshika mkono, akampeleka.

Babu alipotoka na kunawa, walikaa kwenye kizingiti cha jikoni. Babu aliipapasa kamba. "Labda Mjomba wako aliifungua alipokuwa akichimba, akasahau mafundo. Akirudi nitamtolea uvivu."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea. Chiriku alikuwa na la kufanya moja tu, kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akamfikiria Mjomba akigombezwa kwa kosa asilolitenda, akapiga moyo konde.

"Si Mjomba, Babu. Ni mimi. Niliichukua nikarukie. Mafundo yakatusumbua, tukayafungua. Nisamehe."

Babu akatikisa kichwa. "Wanasema majuto ni mjukuu. Leo kweli mjukuu wangu kaja nayo mbio." Akamgusa bega. "Nimekusamehe. Sasa fumba macho, ushike kamba. Tunayarudisha mafundo, na wewe ndiye utakayeyafunga."

Chiriku alifumba macho. Uani alipokulia pakawa ugenini. Alipapasa, akajikwaa, akagonga bomba kwa goti. Babu alimfuata nyuma akimwelekeza, akicheka kidogo kila alipolalamika. Walipomaliza, Chiriku aliongeza jambo lake mwenyewe. Alitia vijiwe kwenye kopo tupu, akalining'iniza kwenye kamba karibu na mlango wa jikoni.

"Ukikwama, Babu, itikise kamba. Nitakuja."

Jioni Mama aliporudi, Chiriku alimweleza yote bila kuficha. Mama alishika kichwa, kisha akashusha pumzi. Mjomba naye, bila kuambiwa mara mbili, alifunika shimo kwa mbao nzito.

"Mwanangu," Babu alimwambia Mama, "usimchape. Ameshajifunza." Akamgeukia Chiriku. "Ulinirudishia kamba, lakini macho yangu ulikuwa umeyaacha kiwanjani. Kitu kinachomsaidia mwenzako usikiguse kabla hujamuuliza. Yeye ndiye anayejua kina kazi gani. Na ukikosea, sema mapema. Kuchelewa kwako kusema kungeweza kunizika."

"Nimesikia, Babu."

Mama na Chiriku walipokuwa wakiosha vyombo, kopo lililia kwa kelele nyingi. Chiriku alidondosha sahani, akatoka mbio hadi uani. Babu alikuwa amesimama palepale mlangoni, mkono kwenye kamba, akitabasamu.

"Nilikuwa najaribu tu," alisema. "Linafanya kazi."