Shule Ile Ni Yetu Pia

Mama Kidoti ni msusi. Husukia barazani, na hapo maneno hayaishi. Kwa Kidoti, binti yake wa mwisho, hesabu ni rahisi kama kumsukuma mlevi.

Jumamosi moja Mama alikuwa akimsuka mwalimu mkuu wa shule ya mtaani anakosoma Kidoti.

"Mama Kidoti, mbona Kidoti hujamwandikisha mtihani wa kuingia ile shule teule ya serikali?"

Mama alishusha sauti. "Dada yake alijaribu, akaanguka. Mpaka leo anajiita mjinga. Sitaki waumie wawili. Halafu pale, mwalimu, wamejaa watoto wa wenye nazo. Wa rangi yetu ni wa kutafuta kwa tochi."

Ndani, dada mtu alikuwa akiosha vyombo. Mikono yake ikasimama.

"Hakuwa mjinga," alisema mwalimu. "Mtihani ule unauliza mambo ambayo sisi hatujayafundisha. Wenzake waliyasoma tuisheni. Mtihani ni mmoja, lakini maandalizi hayalingani. Ndiyo maana wanaingia wa aina moja, na akili ziko kila mtaa."

"Sasa tufanyeje?"

"Wazazi walilalamika, utaratibu ukabadilika. Sasa kila shule ya msingi ina nafasi zake pale, za wanafunzi wake watakaoongoza katika mtihani. Ila mzazi asipoandikisha mtoto, nafasi inapotea. Maswali ya zamani nitawapa bure."

Dada alitoka, mikono ina povu.

"Nitamfundisha mimi. Najua maswali yaliyoniangusha."

Mama aliacha kusuka. "Njoo hapa, mwanangu." Akamkumbatia, povu na yote.

Kidoti aliandikishwa. Kila jioni dada alimfundisha, wakagombana, wakacheka. Akafanya mtihani, akachaguliwa, yeye na wenzake wa mitaa ambayo haikuwahi kupeleka mtoto pale.

Wiki za kwanza alirudi mnyonge. "Nakaa peke yangu," alisema. Mama alimpakata kama mtoto mchanga.

Kisha siku moja akaja na mwenzake, msichana mweupe, mtoto wa daktari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Walitandaza vitabu mkekani. Mgeni akasema, "Darasani kwetu kuna raha, tumetoka kila mtaa. Swali moja, kila mtu analiona kivyake."

Punde wakakwama. Mgeni, aliyekwisha kusikia nani alimfundisha Kidoti, ndiye aliyeita:

"Dada! Njoo utueleze."

Dada akaja mbio, akaketi katikati yao.