Nani Alisimamisha Mzunguko wa Logi?

Saa mbili kasorobo asubuhi, muuguzi wa zamu alitaka kufungua majibu ya damu ya mama mjamzito, na kompyuta ikamjibu kwa maneno mawili tu: diski imejaa. Akahamia kompyuta ya jirani. Ikamjibu hivyo hivyo. Muda si muda maabara, famasia na wodi ya wazazi zote zilikuwa zimekwama, watu wanakimbizana na majibu yaliyoandikwa kwa mkono kwenye vipande vya karatasi. Kipande kimoja kikaenda kitanda kisicho chake. Muuguzi alikishtukia wakati chupa ya damu imeshatundikwa. Angechelewa kidogo, hospitali ingelia.

Mkurugenzi hakutaka kusikia habari za bahati mbaya. Akamwita mkaguzi wa mifumo.

Mkaguzi, mwanamke wa makamo asiyependa kupaza sauti, hakuwa mgeni pale. Kazi alijifunzia katika chumba kile kile cha seva, kompyuta kuu inayohudumia hospitali nzima, chini ya fundi mkuu ambaye hospitali nzima ilimwita Mwalimu. Alimkuta mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Binti. Mama hajambo?"

Mkaguzi akasita. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita, na Mwalimu alishika koleo makaburini kwa mikono yake mwenyewe. Akajiambia kwamba balaa la asubuhi limemvuruga mzee. "Tupo," akajibu, akaingia ndani.

Chanzo hakikumsumbua. Seva ile iliendeshwa na mfumo uitwao Linux, na Linux huandika kila linalotokea: nani kaingia, mashine gani imelalamika, nini kimeshindikana. Maandishi hayo ndiyo logi. Yakiachwa hukua bila kikomo, kwa hiyo kila Jumapili faili la wiki hufungwa na kubanwa, jipya hufunguliwa, na lile lililozeeka kuliko yote hufutwa. Hapa mzunguko huo ulikuwa umesimama. Logi zilivimba mpaka zikaimeza diski nzima.

Alizihamishia kwanza kwenye diski ya nje, hospitali ikapumua. Kisha akafungua faili la mipangilio. Kwenye mistari inayoamuru mzunguko, mtu alikuwa ameweka alama ya reli (#) mwanzoni, ili mfumo uiruke kama haipo.

"Hii si hitilafu," alimwambia mkurugenzi. "Ni mkono wa mtu."

"Namjua!" Mkurugenzi akamwita fundi mpya, kijana aliyeingia na hata hajaketi akanyooshewa kidole. "Kabla ya huyu hatujawahi kuona mambo haya. Leo leo anafungasha."

"Mama, naapa sijagusa," fundi mpya alimwambia mkaguzi. "Nina mtoto mchanga nyumbani. Nichezee kazi kwa faida gani?"

"Ulianza lini hapa?"

"Mwezi wa sita."

"Mipangilio ilibadilishwa mwezi wa tatu. Kanywe maji, mdogo wangu."

Mkurugenzi hakukata tamaa. Akamtaja fundi mwingine aliyemfukuza mwezi wa pili, ambaye aliondoka akifoka kwamba watamkumbuka. Mkaguzi akampigia simu.

"Nilisema, ndiyo!" sauti ikacheka upande wa pili. "Nilimaanisha mtakumbuka nilivyokuwa mchapakazi. Na ufunguo wa chumba mlinipokonya siku ile ile, au mmesahau?"

Hakudanganya. Rekodi ilionyesha kwamba aliyebadilisha mipangilio aliingia kwa akaunti kuu, akiwa ameketi mbele ya seva yenyewe. Baada ya fundi yule kuondoka, chumba kilikuwa na funguo mbili tu: wa mkurugenzi na wa Mwalimu. Na mkurugenzi hakujua hata swichi ya taa iko upande gani.

Mkaguzi akajifungia na diski ya nje, akaanza kusoma, akitumaini atakuta jina la mwingine. Katikati ya malalamiko ya mashine akakuta mistari iliyoandikwa na binadamu.

"Nywila ya maabara umeshabadilisha. Usibadilishe tena."

"Fundi mpya mkewe amejifungua mtoto wa kike. Mpongeze."

"Ripoti umeshapeleka. Mkurugenzi alicheka, kwa hiyo ni nzuri."

Akaendelea kushuka, polepole, mpaka akafika mstari mmoja wa wiki mbili nyuma.

"Binti amepiga simu. Usimwulize mama yake. Alishafariki, na wewe ulizika."

Akaacha kusoma. Sasa aliielewa ile salamu ya mlangoni. Asubuhi ile seva ilikuwa imekwama, na Mwalimu hakuweza kusoma logi zake.

Alimkuta chumba cha seva, akifuta vumbi kwenye kabati lisilo na vumbi. Feni zilikuwa zinavuma. Mkaguzi akavuta kiti karibu naye.

"Mwalimu, ilianza lini?"

Mzee alikunja kitambaa, akakikunjua. "Mwaka jana. Kwanza majina. Halafu nikawa nafanya kazi leo, kesho naikuta imefanywa, sijui na nani."

"Kwa nini hukununua daftari?"

"Daftari mtu akilikuta mezani atalifungua. Logi hakuna anayezisoma, Binti. Unajua wewe." Akajaribu kutabasamu. "Ila zilikuwa zinafutwa. Kila Jumapili wiki yangu moja inakwenda na maji. Nikaogopa, nikausimamisha mzunguko. Nilipanga kuangalia diski kila siku."

"Ukasahau."

"Nikasahau." Akakiweka kitambaa chini. "Yule mama wa damu, yuko hai?"

"Yuko hai. Lakini kijana wa watu nusura afukuzwe."

Mwalimu akasimama. "Basi twende. Hili nitalisema mwenyewe, kabla halijanitoka."

Alilisema mbele ya mkurugenzi, muuguzi na fundi mpya, wima, bila kujitetea. Mkurugenzi, aliyekuwa ameandaa ukali wa siku nzima, alikosa pa kuupeleka. Mwalimu akamgeukia kijana.

"Mwanangu, nisamehe. Walikunyooshea kidole nami nikanyamaza, kwa sababu sikujua kama ni mimi au si mimi."

Akatoa ufunguo wake wa chumba, kijana akaupokea kwa mikono miwili. Alasiri hiyo waliketi pamoja mbele ya seva, mzee akielekeza, kijana akiandika, mpaka mzunguko ukaanza upya. Kuhusu seva, mzee alikuwa hajasahau kitu.

Mkaguzi alichambua ile mistari ya kibinadamu, akaichapa, akamsindikiza Mwalimu nyumbani. Mkewe alisikiliza yote akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Kumbe kompyuta ndiyo ulikuwa unaiambia," alisema hatimaye. "Mimi nipo hapa, nina masikio mawili, nawe unaiambia kompyuta."

"Sikutaka uchoke na maswali yangu."

"Kuanzia leo uniulize mimi. Hata jambo moja mara kumi."

"Na ukichoka?"

"Nitakujibu nimechoka," alisema mkewe, akamvua koti begani. "Lakini nitakujibu."