Usingizi wa Marcel

Saa kumi alasiri Tecla alirudi kutoka shambani, akasimama mlangoni kwake Rulenge kusikiliza, wala hakusikia kukoroma. Akaiondoa kanga iliyotundikwa mlangoni, akasukuma mlango, na joto zito likamrudisha nyuma. Mumewe Marcel alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Miguuni pake palikuwa na jiko la mkaa lililozimika. Alimwita mara mbili kwa sauti ya chini, maana katika nyumba ile hakuna aliyezoea kumwamsha Marcel kwa kelele.

Daktari alisema ameuawa na hewa ya mkaa. Kilichobaki ni kujua jiko lilifikaje chumbani, na kazi hiyo ikamwangukia Koplo Deodata.

Deodata alimfahamu marehemu, kama watu wote wa Rulenge. Tangu utoto Marcel hakuweza kuamka asubuhi. Shuleni alichapwa kwa kuchelewa mpaka walimu wakachoka wao, na mama yake akampa jina la Popo. Alipopata kazi ya lori la usiku kati ya Biharamulo na Rulenge, walimwengu walicheka wakasema kweli Mungu hamtupi mja wake. Alfajiri alirudi, akala kiporo, akalala mpaka jua linapunga. Dirisha alilifunika kwa turubai kuukuu, nyufa akazikandika udongo ili mwanga usimguse. Kanga ikitundikwa mlangoni, jirani wote walijua amelala. Hodi haikupigwa.

Chumba kile kilikuwa kaburi lenye kitanda, kilingojea moto tu.

"Jiko ni lako?" Deodata alimuuliza Tecla.

"Ni langu, afande. Lakini mimi napikia kuni. Hilo nalitoa wakija wageni. Niliposhika njia ya shambani asubuhi, lilikuwa jikoni kule nje, limejaa mkaa mbichi, halina moto."

Mama mkwe, bi Francisca, hakumwacha amalize. "Alikuwa analalamika ameolewa na maiti ya mchana. Sasa ameipata. Wajukuu wangu wanabaki hapa. Yeye arudi kwao au aende jela."

 Tecla alikuwa amekaa nje, kwenye kizingiti cha jiko la nje, kwa kuwa wifi zake walimwondoa kwenye mkeka wa wafiwa. Watoto wake wawili walikuwa ndani na bibi yao. Akutwaye na ngozi ndiye mla nyama, na ngozi yote ilikuwa mikononi mwa Tecla. Mkuu wa kituo alimwambia Deodata kwamba kesho mwanamke yule awekwe ndani.

Deodata alianza na Ndassa, mwenye mashine ya kusaga iliyo hatua chache kutoka pale. Yeye na Marcel waligombana mara nyingi juu ya kelele.

"Nilimwambia nitamzika na usingizi wake," Ndassa alikiri, akifuta unga usoni. "Ni maneno ya hasira, afande. Jana nimesaga tangu asubuhi mpaka jioni, foleni ya kina mama imenizunguka. Waulize."

Aliwauliza, ikawa kweli.

Philbert, dereva mwenzake Marcel, alikuwa amekuja msibani kutoka Nyamahanga. Alilia kuliko ndugu. Yeye aliendesha lori la mchana la tajiri yuleyule aliyemwajiri Marcel.

"Mlionana lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita. Tangu hapo sijafika Rulenge hadi msiba huu."

Jirani wa karibu zaidi, mama Adelfina, alikuwa nyumbani mchana wote. Alisema hakumwona mgeni yeyote.

Deodata akarudi kwenye jiko. Alimwaga majivu juu ya gazeti, akayachambua kwa kijiti. Katikati ya mkaa alikuta magunzi mawili ya mahindi yaliyoungua nusu.

"Haya umeyatoa wapi?" alimuuliza Tecla.

"Si yangu. Mwaka huu tumelima mihogo na maharage tu."

Deodata alitazama ng'ambo ya ua. Kwa mama Adelfina kulikuwa na lundo la magunzi hadi dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nikuulize vingine. Jana asubuhi ulimpa nani moto?"

"Moto? Nilimpa Philbert, yule wa Nyamahanga. Alikuja na kigae. Alisema anamsubiri Marcel aamke, na kule jikoni kwa Tecla baridi inamuumiza. Maskini, tangu amzike binti yake macho yamemwingia ndani."

"Mbona nilipokuuliza ulisema hakuna mgeni?"

"Mgeni ni mtu anayekaribishwa akakaa. Mwomba moto anachukua anakwenda. Nani anamhesabu?"

Kisha akasikia maneno yake mwenyewe. Akakaa chini taratibu, akaificha mikono ndani ya kanga. "Nilimchagulia magunzi yaliyowaka vizuri," alisema.

 Deodata alimshika bega, akaondoka.

Philbert alikuwa amekwisharudi kwake. Deodata na askari mwenzake walimkuta Nyamahanga pembeni mwa migomba, karibu na kaburi la Agness, binti yake, aliyekufa lori la baba yake lilipopinduka mchana kweupe kwenye mteremko. Watu walisema breki zilikatika.

"Uliniambia hukufika Rulenge," Deodata alisema. "Uliomba moto kwa mama Adelfina."

Philbert akatikisa kichwa. "Nilikumbuka kila kitu, afande. Huo moto niliusahau. Hata mimi sikuuhesabu."

"Kwa nini Marcel?"

"Tulikuwa wamoja. Usiku nina akili timamu. Jua likitoka nakuwa mlevi ambaye hajanywa. Lori la usiku ni moja tu. Nilimwomba tugawane, wiki yake, wiki yangu. Akasema, 'Philbert, mimi asubuhi nitaua mtu.' Basi nikaendelea na mchana, na aliyeua mtu ni mimi."

"Na breki?"

"Zilikuwa nzima. Nililala. Agness aliniita, nikafumbua macho tayari tunapinduka."

"Na Rulenge ulikwenda kufanya nini?" Deodata aliuliza.

"Nilikwenda kumwambia hivyo. Nilitaka mtu mmoja ajue, na ni yeye tu angenielewa. Nikakuta kanga mlangoni. Nikawasha jiko, nikaota moto, nikimsubiri. Nikamsikia anakoroma. Mimi tangu nimzike mwanangu sipati usingizi, usiku wala mchana, na yeye amelala kama mtoto mchanga kwa sababu usiku ni wake. Nikalibeba jiko, nikaliweka miguuni pake, nikarudishia mlango. Nilipofika stendi nilijiambia nirudi nikalitoe. Nilikaa pale mpaka gari likaja. Sikurudi."

Aliinyosha mikono mwenyewe ifungwe. Deodata alitaka kumchukia, akashindwa, na hilo lilimuumiza zaidi.

Jioni ile alifika msibani Rulenge, akaeleza yote mbele ya ukoo, bila kuficha kitu isipokuwa jina la aliyetoa moto. Bi Francisca alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoka nje kwa shida, akamwendea Tecla kizingitini.

"Si wewe, mwanangu. Nimekukosea mbele ya watu. Watoto ni wako. Njoo ukae nasi."

Tecla hakumtazama. Alimuuliza Deodata, "Alikuwa anakoroma mpaka yule anaondoka?"

"Ndiyo."

"Basi hakujua."

Akainuka, akaingia. Wifi zake walisogea upesi, wakamwachia nafasi ya katikati, ile ya mjane. Tecla aliwachukua wanawe wawili, akakaa nao ukingoni mwa mkeka, karibu na mlango.