Papa Aliyepanda Mtaani

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu, Profesa."

"Na tagi namba tisa iko wapi?"

Pezi alihesabu upya. Daftari la stoo lilikuwa wazi mezani, na jina lake limekaa mbele ya tagi tisa alizozipokea Jumatatu. Nane zilikuwa kwenye sanduku. Ya tisa ilikuwa imeyeyuka kama chumvi.

Tagi ni kifaa kidogo mfano wa tochi, chenye antena nyembamba. Papa potwe hufungwa nacho pezini, na kila anapopanda juu ya maji setilaiti hujua alipo. Kituo cha utafiti wa bahari kilikuwa kimezisubiri tagi hizo mwaka mzima. Pezi pia alikuwa amesubiri mwaka mzima, maana safari hii ya miezi miwili baharini ndiyo ingebeba utafiti wake wa shahada. Hata jina la utani alipewa kwa sababu alikuwa akimtambua papa kwa kulitazama pezi lake mara moja tu.

"Boti inaondoka Jumatatu alfajiri," alisema Profesa. "Tagi isipopatikana kufikia leo jioni, nafasi yako nampa mwingine. Sipeleki baharini mtu anayepoteza vifaa kabla hajalowa."

Mlangoni alikuwa amesimama Fundi, mtengenezaji wa vifaa vya kituo na mchumba wa Pezi kwa miaka miwili. Alimpisha apite, kisha akamfuata ukumbini.

"Pole, mpenzi wangu. Pengine ni heri."

"Heri ipi?"

"Tutafunga ndoa kwa utulivu. Papa watakuwepo hata mwakani."

"Na mimi? Mwakani nitakuwepo, au nitakuwa nimeshazoea kukaa?"

"Unaanza tena. Leo saa kumi mjomba wako anakuja nyumbani kupanga siku. Usije na uso huo."

Akamshika bega kwa upole. Ni mkono huo huo uliowahi kuchomoa kamba ya kiatu chake na kumfungia miwani ya kuzamia, siku mkanda ulipokatika katikati ya maji. Funguo za stoo zilikuwa mbili tu, moja ya Pezi na moja ya Fundi. Wala hakumshuku. Nani humshuku aliyemvisha pete?

Saa nane na nusu simu yake ikaita. Alikuwa Dada Ramani, msimamizi wa chumba cha kompyuta.

"Pezi, njoo mbio. Papa wako kaota miguu."

"Sina hamu ya utani leo, dada."

"Utani wa nani? Njoo uone namba tisa inavyotembea mjini!"

Kwenye skrini, papa wa msimu uliopita walikuwa vitone vya manjano vilivyotapakaa katika bahari ya buluu. Kitone kimoja chekundu kilikuwa kimekaa nchi kavu, kilomita tatu kutoka ufukweni, nyuma ya soko la mitumba.

"Imeanza kuita saa tano asubuhi," alisema Dada Ramani. "Nani kaiondolea sumaku?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Tagi hulazwa kwa sumaku. Ikibandikwa ubavuni, kifaa hulala fofofo. Ikitolewa, huamka na kuanza kuita angani. Mwizi asiyejua asingeigusa, na anayejua asingethubutu.

"Vuta ramani karibu."

"Hapo setilaiti inaweza kukosea mita mia mbili hivi. Huwezi kujua ni nyumba ipi."

Pezi aliutazama ule mtaa. Aliijua kona ile, na duka la dawa, na geti la kijani.

"Ndani ya mita hizo mia mbili, dada, namjua mtu mmoja tu."

Dada Ramani aliacha kutafuna karanga zake.

"Usiniambie."

"Nipe kipokezi cha mkononi, nikaufuate mlio wake."

"Kikulacho..."

"Usimalizie. Nipe tu."

Alifika nyumbani kwa kina Fundi saa kumi na dakika tano akiwa na mabuti ya kazini, kipokezi mkononi. Sebuleni alikuwepo Mjomba, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, amenyooka kama mtu anayepigwa picha. Kando yake alikuwepo Mama Fundi, mkunga mstaafu, na Fundi mwenyewe, shati limenyooshwa vizuri.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na mabuti? Kwani harusi tunaifungia matopeni?"

*Ti!*

"Hiyo simu yako?"

"Hapana, Mama. Ni papa."

Chai ilimpalia Mjomba. Fundi akasimama.

"Zima hicho kitu. Usituaibishe mbele ya wazee."

"Waambie basi kinaita nini."

"Mimi nitajuaje?"

*Ti!*

Pezi alikigeuza kipokezi kuelekea chumbani, kikanyamaza. Akakigeuza kuelekea jikoni.

*Ti! Ti!*

Akaifuata sauti, na watu wote watatu wakamfuata kama msafara. Pale dirishani, kati ya kopo la maua na redio ya zamani, tagi namba tisa ilikuwa imesimama imeelekea mbinguni, antena juu.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Hiyo? Asubuhi nilikuwa nafanya usafi chumbani kwa mwanangu. Nikaikuta juu ya kabati, ndani ya soksi. Nikadhani ni antena ya redio." Mama Fundi akasonya. "Haijashika hata stesheni moja! Ila kisumaku chake ni kikali, nimekitumia kubania orodha ya wageni."

Wote wakatazama friji. Karatasi ilikuwa imebanwa mlangoni, majina mia na hamsini kwa mwandiko wa mkunga.

"Kwani nimeharibu kitu, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Umetengeneza."

Kipokezi kikaita *ti* tena, Pezi akakizima.

"Nilitaka kuirudisha," alisema Fundi. "Baada ya boti kuondoka. Haki ya Mungu."

"Baada ya boti kuondoka bila mimi."

"Miezi miwili, Pezi! Mke wangu, miezi miwili majini na wanaume! Nilikuomba mara tatu uahirishe."

"Nikakujibu mara tatu. Ulitaka jibu, au ulitaka ndiyo?"

"Nilifanya kwa mapenzi!"

"Papa tunamfunga tagi ili tujue anakokwenda. Hatumfungi ili asiende."

Mjomba akakohoa, kikohozi cha mtu anayetafuta njia ya katikati.

"Mwanangu, ndoa ni kuvumiliana. Kijana kakosea, akiomba msamaha mbele yetu..."

"Mjomba, umenilea, na neno lako nimelibeba kichwani miaka yote. Leo naomba uniruhusu nilitue chini." Akamgeukia Fundi. "Kuiba ningekusamehe. Wivu ningekusamehe pia. Lakini leo Profesa aliponiuliza, ulisimama mlangoni ukanitazama nikikosa pa kuuficha uso. Kisha ukaniambia pole. Ile pole, Fundi. Ile siiwezi."

Fundi akafungua mdomo. Mama yake akamnyamazisha kwa kidole.

"Miaka thelathini nimezalisha wanawake wa mji huu, usiku na mchana. Baba yako alipotuacha, mkoba wangu wa ukunga ndio uliokulisha. Angetokea mtu akauficha juu ya kabati kwa kunipenda, wewe ungekula nini? Mapenzi?"

"Mama, nawe uko upande wake?"

"Niko upande wa mkoba."

Akaenda kwenye friji, akang'oa sumaku. Orodha ya wageni ikateleza polepole mlangoni, ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Shika, mwanangu. Kamlaze papa wako, umrudishe kazini."

Pezi akaibandika sumaku ubavuni mwa tagi. Kisha akaivua pete, akaiweka dirishani, mahali pale pale tagi ilipokuwa imesimama.

"Mjomba, tunaondoka?"

Mjomba aliitazama pete, akamtazama Fundi, akavaa kofia yake.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Ya kwako, naona, ni ndefu. Twende, nikusindikize mpaka kituoni. Huyo Profesa nitamweleza mwenyewe."

Hakukuwa na haja. Saa kumi na moja na nusu tagi ilikuwa juu ya daftari, na maelezo yote mezani. Profesa aliyasikiliza hadi mwisho, akatoa simu, akamwita Fundi alete ufunguo wa stoo. Kisha akamtazama Pezi juu ya miwani.

"Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Usichelewe."

Siku ya kumi na mbili baharini, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza, papa potwe mrefu kama basi alipita chini ya boti, mgongo wake umenyunyizwa madoa meupe. Pezi aliitoa sumaku, akaruka majini na tagi namba tisa. Aliogelea ubavuni mwa mnyama yule mpaka mapafu yakamwaka, akaifunga kamba kwenye pezi, na papa akaendelea na safari yake kana kwamba ameguswa na jani.

Intaneti ya boti ilipatikana saa moja tu kwa siku, baada ya chakula cha mchana. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Fundi.

"Nimejua kosa langu. Nitakusubiri urudi."

Aliusoma mara mbili. Moyo ulimuuma, hakujidanganya. Akaandika:

"Nitarudi nchi kavu. Kwako sirudi. Usinisubiri."

Ujumbe wa pili ulikuwa wa Mama Fundi.

"Mwanangu, yule papa wangu wa dirishani yuko wapi leo?"

"Tumemwachia asubuhi hii, Mama. Ameshauvuka mwamba, anaelekea bahari kuu."

"Na wewe?"

"Nami naelekea huko huko."

Jibu lilichelewa, hadi Pezi akadhani intaneti imekatika. Kisha likaingia, neno moja tu, lisilo na nukta wala mkato:

"Nendeni"