Bwana Harusi na Kioo cha Kinyozi

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa saluni ya kinyozi. Ukipita asubuhi ungesikia mashine ikinguruma, na juu yake sauti ya kinyozi mwenyewe, maana maneno hayakumwisha mdomoni. Kioo kikubwa kilifunika ukuta mmoja. Mbele ya kioo, juu ya meza ndogo, aliishi kinyonga ndani ya tundu la wavu.

Kinyonga huyo aliachwa na mteja aliyehama. Watu walimwita Bwana Harusi, kwa kuwa kutwa alijitazama kwenye kioo, akijivimbisha na kupanua mdomo.

"Mwoneni anavyojipenda!" kinyozi alisema, na wateja wakavunjika mbavu.

Mama yake kinyozi alilala chumba cha nyuma. Tangu afiwe na mumewe alikuwa mkimya, chakula akikigusagusa tu. Ni Bwana Harusi aliyemtoa chumbani. Kila siku mama alimletea panzi, akakaa kumtazama, akacheka. Kwa ajili ya kicheko hicho, kinyozi angefuga hata mamba.

Kisha Bwana Harusi akaacha kula. Akawa mweusi kama masizi, na macho yake yakadidimia. Panzi walimtembea mgongoni, naye hakuwajali.

"Ana upweke huyu," mama alisema. "Mtafutie mwenzake."

"Nitamtafutia mke, mama. Tangu lini bwana harusi akakaa bila bibi harusi?"

Alitania, lakini hofu ilimjaa. Kinyonga akifa, mama atarudi chumbani na kunyamaza tena.

Asubuhi moja jirani yao, daktari wa mifugo, alipita akienda kazini. Mama alimwita mlangoni.

"Mwanangu, hebu njoo umwone mgonjwa wangu."

Daktari aliingia, akainama. Alimtazama kinyonga, kisha akakitazama kioo.

"Nani alimweka hapa?"

"Mimi," kinyozi alisema kwa fahari. "Anapenda kujitazama."

"Hajipendi, kaka. Anagombana. Hajui kwamba yule ni yeye. Anaona dume mwingine amemvamia, na huyo mgeni haondoki asubuhi wala jioni. Wewe ungeweza kula?"

Kinyozi alisogea, akasimama kati ya kinyonga na kioo. Wateja walitazamana, maana wote walikuwa wamemcheka.

"Na huu weusi?" mama aliuliza. "Meza yenyewe ni nyeupe."

"Kinyonga habadiliki ili afanane na meza, Mama. Hubadilika kwa joto, kwa baridi, kwa hofu. Huyu ana hofu."

"Basi tumletee mwenzake, amliwaze."

"Hapana, Mama. Kinyonga hukaa peke yake. Ukiweka wawili tundu moja, wataumizana. Maji anakunywa?"

"Maji tele! Bakuli hilo limejaa."

"Hilo kwake ni pambo tu. Yeye hunywa matone yaliyo kwenye majani." Daktari alinyanyua chupa ambayo kinyozi hupulizia nywele za wateja. "Nunueni nyingine kama hii, iwe ya maji safi tu. Pulizieni majani asubuhi na jioni. Panzi wasitoke kwenye shamba lililopigwa dawa. Msimshikeshike, na mkimgusa, naweni mikono kwa sabuni. Akikataa kula mpaka keshokutwa, mleteni kliniki kwangu."

Siku hiyo hiyo kinyozi alifunga saluni mapema. Alihamishia tundu chumbani kwa mama, penye dirisha linalopata jua la asubuhi. Upande mmoja aliuacha kwenye jua, upande wa pili kivulini, ili kinyonga achague mwenyewe. Ndani alisimamisha matawi yenye majani mabichi. Mama akapuliza maji.

Matone yakaning'inia kwenye majani. Bwana Harusi hakutikisika. Kinyozi alisimama roho juu, na mara hii hakuwa na mzaha wowote. Kisha jicho moja likageuka. Kinyonga akasogea taratibu, akalifikia jani, akanywa tone. Akanywa jingine.

"Anakunywa!" mama alisema, akamshika mwanawe mkono kwa nguvu.

Keshokutwa yake Bwana Harusi alikula panzi wawili. Baada ya majuma machache alikuwa kijani kibichi, akipanda na kushuka matawi kwa mwendo wake wa kujivuta. Habari zilienea. Kila aliyenyolewa alitaka kupitia chumba cha nyuma kabla ya kwenda zake.

Jioni moja kinyozi alimkuta mama akifuta chupa ya maji.

"Vipi, mama? Bado tumtafutie mke?"

"Mwache. Yeye kukaa peke yake ndiyo raha yake." Mama aliiweka chupa dirishani. "Ule upweke ulikuwa wangu, mwanangu."

Kinyozi alitaka kumjibu, lakini mlango ukagongwa.

"Hodi, Bibi! Tumekuja kumwona Bwana Harusi."

"Karibuni, wanangu, karibuni!" mama aliitikia, akiwavutia viti. "Ila mikono mifukoni."